Siku Marehemu Mume Wangu Aliposalimia Redioni

Sitawazungusha. Mimi ndiye yule mjane wa Newala aliyecheka redioni, kicheko cha kujishika mbavu, mtaa mzima ukisikia, huku watu wanakimbia na kuacha ndoo zao kwenye foleni ya maji kwa sababu wamemsikia mume wangu akizungumza, na mume wangu wakati huo tulikuwa tumeshamzika, tumeshamsomea arobaini, na mimi nimeshatoka eda. Aibu niliipata, siikatai, na hadi leo nikipita sokoni kuna wanaokonyezana. Lakini mkasa huu umesimuliwa sana na watu ambao hawakuwepo, wengine wameufikisha hadi Lukuledi wakisema tulipandisha mizimu, kwa hiyo nausimulia mimi niliyekuwa nimekaa karibu na maiki kuliko wote.

Mume wangu, Hamisi, alikuwa fundi redio. Kila redio aliyoletewa aliifungua, akakohoa kidogo, halafu akasema kwa ile sauti yake ya puani, "Haya, nani kaichokonoa hii?" Alimwambia hivyo mwalimu, alimwambia shehe, aliwaambia watoto waliotumwa na mama zao. (Mara nyingi aliyeichokonoa alikuwa yeye mwenyewe alipoitengeneza mara ya kwanza, ila hilo tulimnyamazia.) Hakuna mtu mtaani kwetu asiyeyajua maneno yale.

Alichokitaka maishani mwake ni redio ndogo ya mtaa ambayo watoto ndio watangazaji. Vijana walimshawishi aunge mtambo wake mwenyewe aanze kurusha, kwani nani atajua, naye akawaambia masafa ni kama shamba la mtu, huingii na jembe kabla hujauliza. Akaomba kibali. Akafa kabla hakijatoka, kisha majibu yakaja, yakanikuta mimi niliyeishia darasa la saba na ambaye redio nilikuwa najua kuizima tu, hasa Hamisi anapokuwa amelala. Zuhura, binti yetu anayeishi Masasi, akanisaidia kufuatilia maofisi, na tukapewa ruhusa ya majaribio.

Ruhusa yenyewe ilikuwa na masharti, na mimi masharti niliyashika kama Kurani. Mtambo mdogo kama boksi la viatu, umekaguliwa na kugongwa muhuri, usikike mtaani kwetu na usivuke hapo. Watoto watangaze wakitoka shule, wazazi wao wawe wamekubali, na ikikaribia magharibi kila mmoja awe kwao. Mtu mzima mwenye jina lake kwenye kibali akae nao chumbani muda wote. Nyimbo ziwe zao wenyewe au mwenye wimbo awe ameruhusu. Na kila neno linalokwenda hewani liwe limeandikwa kwanza, mimi nimelisoma, na lisemwe na mtu ambaye jina lake lipo kwenye kipindi cha siku hiyo. Watoto wakaiita Redio Ndoo, maana Newala usipozungumzia maji hakuna atakayekusikiliza. Walikuwa wanatangaza kioski kipi kina maji, kipi kimekauka, mbuzi wa nani kapotea, nani kashinda mtihani, na watu walizoea haraka hata mwenye kioski akaning'iniza redio dirishani kwake.

Siku ya mkasa ilikuwa siku ya mkaguzi. Alikuwa kijana mpole kutoka mbali, si mtu wa kusini, mwenye viatu ambavyo vumbi letu jekundu lilikuwa limeshavimaliza, na kazi yake ilikuwa kutusikiliza kipindi kizima kisha aseme kama tunapewa kibali kamili au tunafunga. Nikamkalisha barazani na chai na karanga, na redio yake ndogo mkononi. Watoto nilikuwa nimewapanga kama sahani za harusi. Shamimu, msichana mwenye sauti nzuri kuliko wote, ndiye alikuwa wa kusoma salamu za wazee.

Kipindi kikaanza, Shamimu hayupo. Bibi yake alikuwa amemtuma maji na foleni ilikuwa ndefu. (Tazama mambo: sisi ndio tuliotangaza kwamba kioski kile kina maji.) Na ndipo akaingia, kwa mlango wa nyuma, akiegemea fimbo, Mzee Mkwanda.

Huyu ni mtani. Ukoo wake na ukoo wa Hamisi ni watani tangu mababu. Na mnajua kazi ya mtani msibani: yeye ndiye anayevaa koti la marehemu, anaigiza mwendo wake na sauti yake, anawazuia wachukua jeneza mpaka wampe kitu, anasema yale ambayo waliofiwa hawawezi kuyasema, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Basi Hamisi alipokufa, Mkwanda alikuwa mbali, kule Lisekese, amelala na mguu uliovunjika, alianguka na bodaboda. Tulizika bila yeye. Mazishi yakawa makavu kama muhogo wa kuchoma. Na mimi si mtu wa kulia mbele za watu, sikuumbwa hivyo, watu wakatazama uso wangu siku zote zile za matanga wakaona hakuna kitu, wakaenda wakasema waliyoyasema.

Mkwanda akakaa kwenye kiti cha Shamimu akaniambia kwa kunong'ona kwamba hajamtania ndugu yake, na jambo hilo linamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Nipe nisalimie watu tu, Mama Zuhura," akasema. "Salamu ina kosa gani?"

Jafari, mtoto anayeshughulika na saa, ananionyesha kwa vidole kwamba wimbo unaisha. Ningeweza kumwambia asome tangazo la maji kwanza, salamu zije baadaye. Ilikuwa rahisi tu. Badala yake nikamtazama yule mzee na mguu wake, nikafikiria njia yote aliyokuja, nikasema salamu tu, mtani, maneno mawili. Jina lake halikuwa kwenye kipindi. Maneno yake hayakuwa yameandikwa popote. Mimi mwenyewe, mshika masharti, nikamsogezea maiki.

Akakohoa kidogo. Halafu, kwa sauti ya puani, kwa sauti ya Hamisi hasa, ile ambayo nilikuwa nimeanza kuisahau na nilikuwa naogopa kuisahau, akasema, "Haya, nani kaichokonoa hii?"

Ningemnyang'anya maiki pale pale, lakini mikono ilikataa.

"Ni mimi, fundi Hamisi," akaendelea. "Nawasalimu wote. Huku niliko maji yanatoka usiku na mchana, wala hakuna foleni, nyie endeleeni kupigana ndoo. Mama Nuru, redio yako ilipona zamani, njoo uichukue, panya ameshazalia ndani. Mwenyekiti wa mtaa, uliniambia imejizima yenyewe, mbona nilikuta chai ndani?"

Watoto walikuwa wamejiziba midomo. Kisha mzee akageuka akanitazama, na akiwa na sauti ile ile akasema, "Na mke wangu huyu, mnamsema halii. Analia. Anakwenda kulilia kwenye kisima cha maji ya mvua, akiinama kuchota, anadhani hatumwoni. Mkinywa chai kwake mkakuta chumvi, mjue ni mimi nakumbukwa."

Jamani, nilicheka. Sijui kilitoka wapi. Hakuna aliyejua kuhusu kisima, sikuwahi kumwambia mtu, hata Zuhura, na mzee huyu alibahatisha au aliona au watani wanajua tu, na badala ya kulia nikacheka, nikacheka mpaka nikaegemea meza, maiki iko wazi, watoto nao wakaachia, na redio nzima ikawa kicheko.

Sasa nje. Kwenye kioski watu walimsikia marehemu akikohoa, na mwanamke aliyekuwa anakinga akaacha bomba likimwaga. Hapo ndipo mtajua hofu yenyewe, kwa sababu Newala mtu anaweza kuacha sufuria inaungua lakini haachi bomba linamwaga. Foleni ikatawanyika. Bodaboda mmoja aliondoka bila abiria wake, abiria akamfuata kwa miguu anaita. Mzee mmoja akaanza kusoma Yasini kwa sauti. Wenye akili zaidi wakasema twendeni kwa Mama Zuhura tukaone, kwa hiyo kabla sijamaliza kufuta machozi uwanja ulikuwa umejaa watu, na mbele yao yupo shemeji yangu Athumani, mdogo wake Hamisi, kofia imekaa upande kwa kukimbia.

Mkaguzi alikuwa amesimama, chai yake imemwagika kwenye suruali, anauliza kila mtu huyo fundi Hamisi yuko wapi azungumze naye, na kila mtu anamwonyesha upande wa makaburini.

Athumani alipomwona Mkwanda akaelewa, lakini kuelewa hakukumpoza. Akanipa maneno mbele ya umati, kwamba kaka yake hajaoza na mimi ninamcheka kwenye redio, kwamba mjane wa ukoo wao hajawahi kufanya hivyo, kwamba msibani sikutoa hata chozi na leo meno yote nje, na kwamba niingie ndani niwaombe radhi watu kwa kicheko kile kisha nifunge duka la shetani.

Mimi nilikuwa namtazama mkaguzi, maana kibali kilikuwa kwake, na watoto walikuwa wametoka mlangoni wakimtazama yeye pia. Shamimu alikuwa amefika, ndoo bado kichwani.

Mkaguzi akanivuta pembeni. Hakuwa mtu mbaya, nadhani alitaka kunisaidia. "Mama, tufanye watoto ndio waliomsogezea mzee maiki wakati wewe hutazami," akasema. "Mchezo wa watoto ni onyo tu. Lakini wewe mwenye kibali ukiwa umeingiza mtu hewani kwa hiari yako, mimi naweza kulazimika kuwafungia."

Nitasema ukweli, nilifikiri. Kwa kitambo kidogo lakini nilifikiri. Halafu nikaona kwamba nikisema watoto, watakuwa ndio watoto walioharibu, mwaka huu na mwakani, na hakuna mzazi atakayemwachia mwanawe akae mbele ya maiki tena, na hiyo redio nitakayokuwa nimeiokoa itakuwa ya nani?

"Watoto walikaa mahali pao," nikamwambia. "Maiki nilimpa mimi. Andika hivyo. Na naomba niseme hewani kabla hujazima."

Akaitikia kwa kichwa. Nikaingia, nikakaa, nikavuta maiki. Sikuwa nimewahi kuzungumza redioni hata mara moja, kazi yangu ilikuwa kusoma karatasi za watoto na kukunja uso. Nikasema hivi, na wengi bado wanayakumbuka:

"Mimi ni Mama Zuhura. Mume wangu amekufa, nilimwosha, anajulikana alipo. Mliyemsikia ni mtani wake, Mzee Mkwanda, na aliyemruhusu ni mimi, si mtoto yeyote. Mliokimbia, mnisamehe kwa kuwatisha, niliwakosea. Kwa kucheka siombi radhi. Nimelia peke yangu muda mrefu na hakuna aliyeniomba radhi kwa hilo. Rudini kwenye foleni, bomba linamwaga."

Mtu mmoja uwanjani akacheka, halafu mwingine, sikujua kwa ajili yangu au kwa ajili ya bomba. Kinamama wakageuka wakakimbilia kioski. Athumani akaondoka bila kuaga.

Hawakutufunga moja kwa moja. Mkaguzi aliandika kama nilivyosema, neno kwa neno, akanisomea, na tukaamriwa kunyamaza kwa muda na kuanza majaribio upya kama watu ambao hawajawahi kurusha. Muda ule ulikuwa mgumu. Watoto walikuwa wanakuja wakitoka shule wanakaa tu mbele ya mtambo uliozimwa, wanasomeana matangazo ya maji wao kwa wao. Lakini hakuna mzazi hata mmoja aliyemtoa mwanawe. Bibi yake Shamimu alikuja mwenyewe kuniambia kwamba kama ningewasingizia watoto angenivunjia mtambo kwa mchi. Baadaye tulirudi hewani, na sasa kibali tunacho, kamili, kipo ukutani. Athumani bado hali kwangu. Asile. Chakula kinabaki kingi.

Na mimi nimeapa: mtani hatashika maiki ile tena bila karatasi niliyoisoma mimi, na bila mtoto kusema kwanza kwamba anayekuja ni mtani na marehemu yuko salama alipo. Mzee Mkwanda ameudharau utaratibu huo, anasema utani ulioandikwa ni ugali wa jana. Nimemwambia basi anyamaze, sheria ni sheria, na tumecheka tena, mlango ukiwa wazi, apite anayetaka kupita asikie.

Ila Shamimu nimemwachia wosia. Siku nitakapokufa mimi, yeye atakuwa mtu mzima na jina lake litakuwa kwenye kibali. Amtafute mtani wangu, amkalishe, amfungulie maiki, aigize jinsi ninavyotembea na jinsi ninavyowabania watu maji ya kisima changu, mtaa wote ucheke mpaka uchoke. Lakini aombe ruhusa kwanza, kwa maandishi.