Peruki Yangu Ilibaki Kwa Chuma

Hii haya yangu naisema mwenyewe, juu hata nikinyamaza mutaisikia tu. Pale Majengo watu wananiitaka Injenieri Mbio mpaka leo, hata muuza makala wangu ya jiko, sasa afadhali muisikie kwangu kuliko kwake (yeye anaongeza chumvi).

Mimi njo nilichora hangari ya kambi ya Mugunga. Vita ilikuwa imesukuma watu tena kutoka Masisi, wamejaa kule juu ya mawe ya volkano, mama na watoto wanalala chini ya shitingi za plastiki na mvula inawaingilia, na sisi tukawajengea hangari moja kubwa ya chuma ili walale pakavu. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya kuweka jina langu chini ya muchoro. Na wale mama wakakataa kuingia. Walisema ardhi ya Goma inatetemeka kila mara, chuma chote kile kikiwaangukia, nani atawatoa, shitingi angalau haiui mutu. Wenye kulipia kazi nao wakasema, kama watu hawaingii, hangari itakuwa depo ya simenti. Nililia, sifichi.

Nikamuambia patron wangu wa kazi, Papa Léon, aniachie mimi, nitawaonyesha kwa ordinateri, kompyuta yangu. (Niko na programu moja, unaingiza jengo ndani, unalitikisa kwa kioo cha ekran, unaona chuma gani kinachoka mbele ya kingine.) Nilijivunia zaidi zile pembe, pale vyuma vya kukingama, vyenye vinazuia nguzo zisilale, vinafungwa na kibamba, chuma bapa, na bulon za kukazwa na nati. Nilikuwa nimeacha nafasi kidogo kwenye kibamba, tetemeko likija kijikunje sawa kiwiko cha mukono, kisipasuke. Nilipenda vile vibamba kuliko fianse wangu, bwana wa kunioa, na yeye alijua.

Basi tukaazima televizyo kubwa ya nganda moja ya pombe, ile ya kuangaliaka mupira, tukaiweka ndani ya hangari yenyewe. Mama wakakubali kuja kuangalia tu, wakakaa karibu na mulango, tayari kwa lolote. Mimi nilivaa viatu vya talon, kisigino kirefu, na peruki mupya, nywele za kuvaa, ndefu mpaka mugongoni. Na hapo njo nikafanya kale kauamuzi kadogo. Kwa programu jengo linasogea kidogo sana, jicho halioni kitu, nikaona haipendezi, televizyo yote ile kwa bure, nikagusa pale pa kukuza mwendo, nikaongeza, nikaongeza tena.

Hangari ikaanza kucheza. Sisemi kutikisika, nasema kucheza, nguzo zinaenda kushoto zinarudi kuume, paa inainama sawa mulevi anatafuta funguo chini, na kwa sababu programu inapaka rangi nyekundu mahali chuma kinaumia, ule wekundu ukaanza kushuka kwenye pembe zote. Sasa wewe onyesha mutu wa Goma kitu chekundu kinashuka sawa moto wa volkano, uone kama utamaliza sentensi. Mama wakasimama. Nikasema hapana, nimekuza tu, nikabonyeza isimame, ordinateri ikagoma, hangari ikaendelea na ngoma yake, Papa Léon akafunga macho.

Kiburi kikanipanda. Nikavuta kiti mpaka pembeni, nikakaa, kibamba changu kimoja kikiwa nyuma ya kichwa changu, nikaomba chai, nikasema kwa sauti ili wote wasikie: "Hata dunia itikisike namna gani, mimi humu sitoki."

Chai hata haijapoa, chini pakatetemeka. Kikombe kikalia juu ya sahani. Sikuwaza hesabu, sikuwaza kibamba, nilitoka mbio, nikaruka mama mumoja mwenye kunyonyesha, nikaacha kiatu, kitu kikanivuta nywele kwa nyuma nikazidisha mbio, nikasukuma muzee prezida wa kamati ya kambi (Mungu anisamehe), nikaangukia nje juu ya mawe nikipiga kelele tokeni, tokeni, tunakufa. Nikainua kichwa. Ilikuwa kamiyo ya mizigo inapita kwenda Sake, imejaa kupita kiasi, na dereva akanipigia honi ya kunisalimia.

Hakuna mwingine aliyetoka. Niligeuka nikaona mama wote wako ndani, wanashikana kwa kucheka, mumoja amelala chini kabisa anapiga sakafu na mukono, na kule kwenye bulon ya kibamba changu peruki inaning'inia, inabembea polepole.

Mama Bahati, yule aliyesemea wenzake toka mwanzo na kukataa kuliko wote, akaja mulangoni. Yeye alikuwa ameacha kucheka.

"Mwanangu," akaniambia, "sisi tulikimbia toka Masisi na watoto mugongoni. Wewe kama uko na nguvu ya kukimbia, kimbia. Sisi tumechoka."

Akarudi ndani, akatandika mukeka wake palepale pembeni, wenzake wakaenda kuleta yao. Peruki akanikataza kuitoa, alisema ikibembea watajua nyumba inatikisika, ikitulia watalala.

Toka siku ile mwendo wa jengo siukuzi tena mbele ya watu, na kwa shantie, pale tunajenga, navaa kitambaa cha kichwa. Tetemeko la kweli lilikuja kiisha hapo, asubuhi mapema. Mimi nilikuwa Majengo, nilikimbia nje na shuka (ndiyo, tena), nikampigia Mama Bahati simu, nikamuuliza kwa kelele kama hangari bado imesimama.

"Nywele zako zilicheza kidogo," akasema. "Usipige kelele, watoto bado wamelala."