Siku Akina Mama Walipokatazwa Vigelegele

Emérita Uwamwezi alikuwa mwoga, na hakuona haya kukiri. Aliogopa pikipiki, aliogopa radi, aliogopa hata asubuhi zenye kimya kupita kiasi. Watu wa Kitshanga walimcheka, lakini kidogo tu, maana kila mmoja wao alikuwa na kitu alichowahi kukikimbia. Alikuwa mkulima wa maharage kwenye milima ya Masisi mpaka vita vikamtoa; akarudi, vikamtoa tena. Safari hiyo ya pili alikuwa na mimba kubwa, akajifungulia kando ya barabara, mikononi mwa mwanamke asiyemfahamu. Mtoto alichelewa sana kulia. Wakamwita Aurélie.

Miguu ya Aurélie ilikaza tangu uchanga, hakutembea. Mama yake alimbeba mgongoni, shambani na sokoni na kanisani, hadi akafika umri ambao wenzake walikuwa wanabeba wadogo zao. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Emérita aliujua mpaka kiunoni.

Ndipo Brigitte, mtaalamu wa viungo wa kituo cha watoto walemavu, alipokuja na wazo lililowafanya watu watazamane: watoto hao wapandishwe farasi. Farasi si mgeni Masisi. Kwenye ferma za ng'ombe wachungaji huwapanda kuzungukia malisho. Lakini mtoto asiyeweza hata kusimama? Brigitte alieleza kwamba farasi akitembea, kiuno cha aliyempanda nacho hucheza kana kwamba kinatembea chenyewe, na mwili unajifunza polepole. Emérita alikataa kwa maneno, kisha akakataa kwa machozi. Aliyemshinda ni Aurélie mwenyewe.

"Mama, miye niko nataka kuona vile batu barefu banaona," alisema, akasukuma sahani ya maharage pembeni. Hakula mpaka alipokubaliwa.

Farasi aliyeazimwa kutoka ferma mojawapo aliitwa Gaju, jina la ng'ombe mwekundu, maana mchungaji wake, Papa Munyakazi, hakujua kumpenda mnyama bila kumpa jina la ng'ombe. Munyakazi alitangulia na kamba, Emérita alitembea ubavuni, ameushika mguu wa mwanawe kwa mikono miwili. Miezi ikapita. Mgongo wa Aurélie ukanyooka, mkono wake ukaweza kijiko. Munyakazi akaanza kuitoa kamba na kumwachia mtoto hatamu. Ila Emérita hakuuachia mguu, hata siku moja.

Kisha mwenye ferma akataka farasi wake arudi kwenye ng'ombe. Kituo hakikuwa na uwezo wa kumnunua. Basi Brigitte akatangaza siku ya farasi kwenye kiwanja cha mpira: wapanda farasi wa ferma zote washindane, watu waje kutoka Sake mpaka Kashebere, na mchango wote uwe wa kumbakiza Gaju na watoto. Mwishoni Aurélie angezunguka kiwanja peke yake.

"Batu habatoe juu ya kitu yenye banasikia," Brigitte alimwambia Emérita. "Banatoa juu ya kitu yenye banaona. Utamuachilia, Mama Aurélie."

"Na akianguka?"

Brigitte aligeuza macho kumtazama Gaju, na hilo ndilo lililomwogopesha Emérita kuliko jibu lolote.

Kulikuwa na sababu. Ferma ya Gaju iliwahi kuvamiwa na wezi wa ng'ombe. Wanawake wa mlimani waliwaona kwanza, wakapiga yowe, na risasi zikafuata. Tangu hapo Gaju akisikia sauti kali ya mwanamke alikimbia bila kuangalia mbele. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na masikioni mwa farasi huyo yowe na kigelegele vilikuwa kitu kimoja. Sasa niambie, utawakatazaje akina mama wa Masisi vigelegele siku ya mtoto wao? Hata hivyo walikatazwa. Munyakazi alipita kanisani na sokoni: furaha ya siku hiyo ni ya kupeperusha vitenge, midomo imefungwa.

Siku yenyewe Emérita hakuona mashindano. Alikuwa akizunguka kati ya wanawake, anatazama midomo. "Mama, tafazali, usisahau. Na weye pia, usisahau." Aliyekohoa, Emérita alimkodolea macho.

Aurélie akaletwa juu ya Gaju, kichwani kofia ya pikipiki iliyomzidi. Munyakazi akatoa kamba. Emérita aliushika mguu ule kama kawaida, na ilibidi Brigitte amfungue vidole, kimoja kimoja.

Gaju akaanza kutembea. Watu wakanyamaza, hata wauza mandazi. Aurélie alifika kona ya kwanza, akavuta hatamu, farasi akageuka. Mgongo umenyooka. Kisha, jambo ambalo hakuna aliyemfundisha, akainua mkono mmoja na kuwapungia watu, kama mpanda farasi yeyote wa ferma.

Kigelegele kikapasua kiwanja.

Emérita aligeuka kwa hasira amtafute mjinga huyo. Akaona wanawake wote wanamtazama yeye. Mdomo wake ulikuwa bado wazi.

Gaju alikwisharuka. Alipita katikati ya watu waliotawanyika, akashika njia ya mlimani kuelekea ferma, na kofia nyeupe ikapotelea kwenye migomba. Emérita alikimbia. Viatu vilibaki kwenye tope, naye hakujua. "Miye njo namuua," alikuwa akisema, "miye, na hii kinywa yangu."

Aliwakuta kwenye lango la zizi. Gaju amesimama, povu mdomoni, ngozi inamtetemeka. Aurélie amelala juu ya shingo yake, vidole vimezama kwenye manyoya, kofia imemfunika macho. Alikuwa hai. Emérita akanyoosha mikono amshushe.

"Mama, usinishushe."

"Shuka, mwanangu! Shuka!"

"Sema polepole. Gaju iko anaogopa." Sauti ya mtoto nayo ilitetemeka. "Nikishuka, atafikiri kama vita iko ya kweli."

Emérita akaishusha mikono, na hakuna kazi ngumu kama hiyo aliyowahi kuifanya. Aurélie akajiinua taratibu, akasukuma kofia nyuma, akavuta hatamu. Gaju akageuka kuteremka. Munyakazi alikuwa amefika akihema. Akasogea pembeni kuwapisha. Mama alifuata nyuma, hofu yote ingali kifuani, mguu wa mwanawe uko mbele yake bila mkono wa mtu.

Pale kiwanjani hakuna aliyekuwa ameondoka. Walipotokea, akina mama wakainua vitenge juu, vingi, bila sauti. Vikapu vya mchango vilikuwa vinapita, na mwenye ferma alikuwa amevua kofia yake.

Aurélie akamalizia mzunguko wake. Emérita alisimama pembeni, peku, pembe ya kitenge ameisokomeza kinywani, ameiuma kwa meno yake yote.