Mkongo wa Mama Honorata

Shukrani alikuwa mtu wa Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Alisomea kompyuta Lubumbashi, na Leodgar, mwenye kampuni ndogo ya vifaa vya uvuvi pale Kibirizi, akamleta Kigoma baada ya kutangaza ile kazi mara mbili na kukosa mtu. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: kijisanduku kidogo kama kipande cha sabuni kinafungwa kwenye mtumbwi, upepo ukichafuka mwenye mtumbwi anaona kwenye simu chombo chake kiko wapi. Programu ya kuviendesha vijisanduku hivyo aliiandika Shukrani mwenyewe, na kibali chake cha kazi kilikuwa cha miaka miwili.

Alipanga chumba cha uani Gungu, kwa Mama Honorata, mwanika dagaa, mjane ambaye mdomo wake haukuwa na mlango. Mwanzoni alimdharau. Alisema mwanaume mzima kushinda amekaa anabonyezabonyeza ni uvivu uliosomewa. Kisha mwezi Machi dhoruba ikampeleka kaka yake Amosi mbali na wenzake, injini imezima, na kile kijisanduku ndicho kilichoonyesha wakamchukulie wapi. Tangu siku hiyo mgebuka mnono kuliko samaki wote wa sufuriani ulikuwa wa mpangaji, na mpangaji akaitwa Mkongo wangu.

Kibali kilipokaribia kwisha, Leodgar aliwahi kupeleka maombi miezi miwili kabla. Cheti chake cha chuo, kilichoandikwa kwa Kifaransa, kikatafsiriwa, kikarudishwa, kikagongwa muhuri upya, kikarudishwa tena. Shukrani akakonda suruali zikawa zinamtafuta. Kibali kikitoka, mkewe Elida angevuka na mtoto waishi pamoja. Kisipotoka, angerudi yeye, na Kalemie hakumjua mtu wa kumlipa kwa kuandika programu.

Alhamisi moja ofisa wa uhamiaji akaja Gungu kuhakikisha makazi ya mwombaji. Shukrani alikuwa Kibirizi. Ofisa, kijana mwenye adabu, akaamkia shikamoo, akauliza kama mama anamfahamu Shukrani.

Sasa, wanawake wa mwambao huu wameona misako tangu wakiwa wasichana. Watu wa damu moja wako pande zote za maji, na atakayekosa karatasi leo anaweza kuwa shemeji yako. Kwa hiyo wana jibu moja, hawalifikirii, linatoka kama chafya: huyo ni wetu. Honorata hakuuliza ofisa amefuata nini. Kumwuliza kungekuwa kuonyesha woga.

"Huyo? Mtoto wa marehemu dada yangu," alisema. "Kazaliwa hapahapa Ujiji. Mgongo huu ndio umembeba."

Ofisa akainua macho kwenye karatasi. "Una hakika, mama?"

"Nisiwe na hakika na mtoto niliyemkogesha?"

Akamwita na jirani yake Anifa. Anifa, bila kukonyezwa, akaongeza jina la mkunga. Ofisa akaandika yote, akawasomea, wakatia saini, akaaga kwa heshima. Honorata akaona amefanya kazi ya maana.

Jioni alimsimulia Shukrani huku akimpakulia ugali. Shukrani akakaa juu ya ndoo, akasahau kunawa.

"Mama, minaomba kibali cha mugeni," alisema taratibu. "Mugeni anazaliwaje Ujiji?"

Jumatatu wakaenda ofisini, wao wawili na Leodgar. Yule ofisa hakuwa mbaya. Akaweka karatasi mbili mezani. Moja Shukrani anaomba kama mgeni aliyezaliwa Kalemie. Nyingine mashahidi wawili wanasema ni wa hapa. Honorata akasimama bila kuambiwa, akakiri kuwa amedanganya, hana dada aliyezaa, mwenye kosa ni yeye peke yake.

"Alhamisi ulikuwa na hakika, mama," ofisa akasema. "Leo pia una hakika. Niandike ipi?"

Hakutaka kumshitaki mama wa watu. Lakini faili halikuwa la kwake tena. Lilipaswa kwenda makao makuu likachunguzwe, na kibali kilikuwa kinaisha Jumamosi. Shukrani akaondoka Ijumaa na boti ya mizigo ya Kalemie, asije akaandikwa kuwa alizidisha siku. Bandarini alimshukuru Honorata kwa chakula cha miaka miwili. Afadhali angemtukana.

Miezi minne ikapita. Vijisanduku vikaanza kuzima kimojakimoja. Leodgar akamleta Jeremia, msomi kutoka Dar, akaitazama ile programu siku tatu, akasema aliyeiandika ndiye aitengeneze, akapanda basi. Wenye mitumbwi wakavifungua, wakamrudishia Leodgar ndani ya kiroba. Kila Ijumaa Honorata alimpigia Shukrani kumwambia bado hakuna jibu, na Shukrani kila Ijumaa alisema sawa Mama.

Jibu likaja. Honorata akampigia Shukrani, akamsomea neno kwa neno, akiwa katikati ya dagaa wake: ombi limekataliwa kwa sababu maelezo kuhusu mwombaji yanapingana. Upande wa pili zilisikika kelele za soko. Siku hizi Shukrani alikuwa na kiduka huko, akibadilisha vioo vya simu zilizopasuka.

"Tutaomba tena," Honorata akasema. "Nitakwenda mwenyewe Dodoma."

"Mama, Ijumaa usinipigie tena."

"Nimekukosea, najua. Nitukane basi."

"Hapana. Ijumaa ikifika ninaacha kazi ya watu, ninangoja simu. Na Elida anakuja kukaa pale dukani, na yeye anangoja. Tumechoka kungoja."

"Nipige siku gani?"

"Hakuna siku, Mama."

Akakata. Honorata akabaki na simu sikioni. Anifa, aliyekuwa akigeuza dagaa wake kando yake, akauliza Mkongo anasemaje.

"Hajambo," akasema Honorata. "Anakusalimia."