Binti Asomaye Mawazo

Kwenye benchi la kliniki moja mjini Kitale, mama mmoja alijifunga kitambaa kichwani. Kabla hajainuka, binti yake, ambaye ana usonji na hasemi, alichuchumaa akaanza kumvalisha viatu.

Shangazi wa binti, aliyetoka Bungoma kuwasindikiza, akapiga paja. "Si nilikuambia? Ati hawa watoto wasiosema wanasoma mawazo! Nimeona kwa simu."

Mimi, niliyekuwa nikisubiri zamu yangu kando yao, nilitarajia mama afurahi. Badala yake akashika shavu. "Kama ni kweli, basi alisikia hata zile siku nilikuwa naomba Mungu amchukue."

Mimi hushindwa kuacha jambo lipite bila kupimwa, kwa hiyo nikadakia: "Usiogope, mama. Ameona umefunga kitambaa, akajua mnaondoka. Hayo si mawazo, ni macho."

"Na vile hujua baba yake akikaribia nyumbani?" shangazi akanibana.

"Pengine anasikia pikipiki yake kabla yenu. Tungepima kwanza..."

"Wasomi, bana! Kila kitu mpaka kipimwe."

Tuliendelea hivyo, kila mmoja akiwa na hakika yake, mpaka mama akainua mkono. "Nyamazeni. Amesikia."

Tulimtazama binti. Vidole vyake vilikuwa vimesimama kwenye kamba ya kiatu, na kichwa kimeinama.

"Si ndiyo nasema!" shangazi akashangilia. "Amesikia mawazo yako."

"Hapana," mama akasema, akiteremka sakafuni kando ya mtoto wake. "Amesikia mdomo wangu, sasa hivi."