Panga Alilonichagulia Baba

Baba yangu alikuwa fundi wa jenereta kwenye jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, Bariadi, na aliipenda ile mashine hadi mama akaiita mke mwenzake. Soko huria lilipoingia, jineri ikauzwa kwa tajiri mmoja. Tajiri akataka mapanga ya tabo, vile vyuma vyembamba vya kipuliza hewa cha jenereta vinavyozungushwa na moshi wa moto wa injini, yapimwe yamebakiza umri gani. Yakiwa yamechoka, jenereta inakwenda chuma chakavu na inakuja mpya, pamoja na fundi wake.

Mpimaji nilikuwa mimi, binti yake, maana nilisomea vyuma chuo kikuu. Nilimweleza baba kwamba lazima nikate panga moja nione ndani.

"Mayu," baba akaniita mama kwa Kisukuma, "kumbe chuoni ulisomea uganga? Ndivyo waganga wanavyopasua kifaranga wakitaka kujua mambo ya mji mzima."

Na yeye mzee wa kanisa! Nikamwambia anichagulie lolote. Kesho yake akaniletea moja limefutwa kwa mafuta ya taa, halina hata mkwaruzo.

Dar es Salaam nililikata, nikalisugua kwa msasa mpaka likang'aa, nikalipaka tindikali na kulitazama kwa hadubini. Chembe za chuma zilikuwa zinaachana, matundu madogo yamejipanga kati yake. Chuma cha namna hiyo huvumilia moto na mzunguko, kisha siku moja hukatika na kuruka. Na aliyekuwa akikaa kando ya tabo siku nzima, akiisikiliza, ni baba.

Niliporudi Bariadi nilimwambia yeye kabla ya tajiri. Akabisha kama kawaida yake.

"Labda ni hilo moja tu. Mengine mazima."

"Hilo ulilichaguaje, baba?"

Akainama. "Nilitafuta zuri kuliko yote."

Sote wawili tulijua maana yake.

"Ingekuwa mashine ya baba wa mwenzako," akauliza, "ungeandika hivyohivyo?"

"Hivyohivyo."

"Basi andika. Sikuuza ng'ombe usome, halafu uje udanganye kwa ajili yangu."

Nikaandika ripoti palepale mezani kwetu, nikilia bila aibu. Nilipofika penye namba ya jenereta nikakwama, sikuwa nimeichukua. Baba akanitajia yote kwa kichwa, tarakimu moja moja, taratibu, akingoja niandike.