Maji Yale Yalikuwa ya Mti

Tarehe kumi na nne Agosti mwaka jana, asubuhi, nilimpoteza mama yangu. Alikuwa ameketi kitandani akingoja chai ipoe. Niliporudi kutoka jikoni na sukari, alikuwa ameenda. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Baadaye watu waliambiwa mambo mengine juu yake, na waliambiwa wakiwa wamesimama kwenye ardhi yetu. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu, mimi ambaye sina mazoea ya kuandika.

Nyumbani kwetu ni ndani kidogo ukitoka Kambu, upande wa vilima. Wazazi wangu walitoka Kyuso mimi nikiwa bado mgongoni. Walikuja kwa lori la kukodi na familia nyingine mbili, pamoja na kuku na jiwe la kusagia. Mama alisema lori liliharibika mara mbili njiani, na harufu ya dizeli hakuipenda tena maisha yake yote. Baba alikufa mapema. Mama alilima ndengu na mbaazi, akasuka vyondo, vikapu vyetu vya nyuzi, na kanisani akaongoza maombi ya akina mama. Mimi nilimaliza darasa la nane, nikaolewa, nikaachika, nikarudi kwake. Tulikuwa wawili tu.

Chini ya vilima kuna kambi ya watalii. Miaka michache iliyopita walianza kuleta wageni kuona wanawake wakisuka, na boma walilochagua likawa letu kwa sababu liko karibu na barabara. Mama alikubali, lakini si hivi hivi. Mgeni akifika akae chini, maana yeye alikuwa hawezi kuongea na mtu aliyesimama mbele yake. Anywe uji. Asipige picha kabla ya kuuliza. Na yeye mama pia awe na ruhusa ya kuuliza. Aliuliza sana. Alimwuliza mzee mmoja wa mbali ni nani humpikia, na mzee akasema anajipikia. Mama akaniambia nimwongezee uji.

Kijana anayewaongoza wageni ni mtoto wa jirani yetu. Siku moja alikuja mapema kabla ya gari, akamwomba mama, aliyemwita susu kama tunavyowaita bibi zetu, afiche nyuzi za nailoni.

"Susu, hizi weka ndani. Wageni wanataka katani tupu, kama ya zamani."

"Na wakiniuliza rangi hii nimeitoa wapi?"

"Utaniachia mimi. Nitawaambia ni ya magome ya mti."

Mama alitoa nyuzi zote, nyekundu, kijani na zambarau, akazipanga mbele yake mkekani. "Waambie ni za dukani Kambu," akasema. "Na uwaambie duka lenyewe liko wapi, labda watataka."

Kijana alicheka, akawaambia. Wageni walinunua vyondo vilevile.

Tulimzika mama kando ya nyumba. Alikuwa amekataza kaburi la simiti. Alisema simiti ni ya tangi la maji, na mtu asiyekuwa na tangi akiwa hai asijengewe nyumba ya simiti akiwa amekufa. Nilizungusha mawe ili mbuzi wasipande, nikaweka matawi ya miiba. Upande wa kichwa nilipanda mche wa mwarobaini, na karibu yake nikafukia chungu cha udongo, mdomo ukabaki juu. Huku ndivyo tunavyootesha miti. Unajaza chungu maji, chungu kinatoa jasho polepole ndani ya udongo, mizizi inakunywa bila jua kuiba chochote. Bwana shamba alitufundisha jambo hili, na nusu ya miti ya hapa imekua hivyo.

Wageni waliendelea kuja. Wanawake wa kikundi cha kusuka walikuwa wakipanga vyondo vyao kando ya uzio wetu, na sikuona sababu ya kuwafukuza. Mimi nilikaa ndani. Sikuwa na maneno ya kumpa mgeni.

Alasiri moja nilikuwa jikoni nachambua ndengu, nikasikia sauti ya yule kijana ikiwa karibu kuliko kawaida. Nilichungulia. Wageni walikuwa wamezunguka kaburi la mama. Kijana alikuwa akisema kwa Kiingereza, polepole kama anavyosema na wageni, kwamba hapa ni mahali patakatifu pa Wakamba, kwamba watu wamekuwa wakija kuabudu hapa kwa miaka elfu moja, na kwamba chungu kile ni mahali mizimu inapokunywa. Mgeni akimwaga maji kidogo, akasema, safari yake itabarikiwa. Wakafungua chupa zao. Wakamwaga mmoja mmoja. Mwanamke mmoja alifumba macho kabisa.

Sitasema uongo. Mche ule ulikuwa umenawiri kuliko miche yote niliyowahi kupanda, na nilikuwa nimemshukuru Mungu kwa hilo. Kumbe ni chupa za watalii.

Nilingoja wapande gari, nikamwita kijana.

"Huyo ni nani pale chini?"

"Mwaitu," akaniita, kama mtu anavyomwita mama, "najua ni susu. Mimi si nilibeba jeneza?"

"Basi umemfanya mzimu."

"Hiyo ni stori tu. Sijamtukana, nimempandisha cheo. Alikuwa mtu wa kawaida, sasa wanamwinamia."

"Hakuomba kuinamiwa. Na miaka elfu moja umeitoa wapi? Sisi tulikuja hapa kwa lori."

"Nikiwaambia lori watalala kwenye gari." Akacheka, halafu akaona sicheki. "Hawa watu wanarudi kwao. Nani atajua?"

"Mimi najua."

Alisema ataacha. Hakuacha. Nilijua hakuacha kwa sababu Jumapili iliyofuata dada mmoja wa kanisa alinishika mkono nje ya mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli kwetu kuna matambiko. Jirani yake anafua nguo kule kambini, alikuwa amesikia. Mama alikuwa ameomba na huyu dada miaka yote hiyo, amekesha naye mtoto wake alipougua. Sasa alikuwa akiniuliza mama alikuwa akifanya nini nyuma ya nyumba.

Hapo ndipo nilipoona kitu kinachochukuliwa. Ardhi yetu ilikuwa bado yetu, na kaburi lilikuwa pale pale. Aliyekuwa akichukuliwa ni mama mwenyewe, alivyokuwa. Akishaondolewa, mimi ningebaki namlilia mtu ambaye hakuna anayemjua.

Nilienda kwa mwenyekiti wa kikundi cha vyondo. Ni mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, na alimpenda mama. Alinisikiliza huku akisokota katani.

"Wacha tu," akasema. "Wafu hawasikii Kiingereza."

"Walio hai wanasikia."

"Walio hai wanakula. Ukifunga hilo boma, vyondo tutauzia mbuzi? Wewe una shamba na huna mtoto wa shule. Angalia wenzako."

"Sijasema wasije. Nimesema wasidanganywe."

"Wewe na mama yako," akasema, akatikisa kichwa. "Mlizaliwa bila kifuniko cha mdomo."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Kuhusu watoto wa shule alisema kweli.

Nikaenda kambini. Meneja alinipokea vizuri, akaagiza soda, akanipa pole kwa msiba. Alisema kijana amezidisha kidogo, lakini jambo linaweza kurekebishwa. Kambi itajenga kaburi la simiti, itaweka vigae na msalaba, pia ubao wa maelezo.

"Ubao utasema nini?"

"Utasema kitu cha heshima. Bibi wa kale wa jamii, mlinzi wa mila."

"Aliongoza maombi ya akina mama. Andika hilo."

"Mama, wageni wana makanisa kwao. Hawasafiri mbali hivi kuja kuona mtu wa kanisa."

"Basi wakija wamwone ambaye hayupo?"

Alikunja mikono juu ya meza. Hakuwa mtu mbaya. Alisema kila mahali pa utalii pana hadithi zake, kwamba mgeni hulipa ili afurahi, na akifurahi kila mtu anapata. Nikamwambia mtu akienda sokoni Tawa kununua ng'ombe akauziwa punda, hata kama punda amepambwa na mnunuzi amefurahi, huo ni wizi. Mgeni ametoa jasho lake kuja kutujua. Ana haki ya kutujua sisi. Na mimi nina haki ya kusema nani aingie kwangu na aambiwe nini juu ya wafu wangu. Nilishangaa kusikia sauti yangu ikisema hayo yote. Kwetu aliyekuwa na maneno ni mama.

"Na akina mama wa vyondo?" meneja akauliza. "Utawaambia nini?"

"Nitawaambia nilichokuambia."

"Simiti hutaki?"

"Sitaki. Kaburi halina kosa. Kosa liko mdomoni mwa mtu."

Soda sikuimaliza. Niliiacha mezani na kurudi nyumbani kwa miguu.

Gari lilipokuja tena sikukaa jikoni. Nilivaa kitambaa cha kanisa cha mama, kile cheupe, nikaweka kigoda kando ya kaburi na kukaa. Kijana aliponiona alipunguza mwendo, lakini wageni walikuwa nyuma yake na hakuweza kurudi. Akaanza kusema. Nikainua mkono.

Kiingereza changu ni cha darasa la nane, na darasa hilo liko mbali sasa. Niliwaambia: Huyu ni mama yangu. Alikufa Agosti. Hapa hakuna mizimu. Maji haya ni ya mti. Mama alikuwa Mkristo na alisuka vyondo, na nyuzi alinunua dukani Kambu.

Kijana aliangalia viatu vyake. Mzee mmoja, ambaye tayari alikuwa ameshika chupa yake wazi, aliifunga polepole kama mtu aliyeonekana akifanya jambo la siri. Mwanamke mwenye nywele nyeupe aliketi mchangani, hakungoja kigoda, akaniuliza mama alikuwa na miaka mingapi. Nikamwambia hatukujua, hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Mwingine, mwanamume mrefu, alimgeukia kijana akamtolea maneno makali ya haraka ambayo sikuyafuata yote, ila nilisikia neno la kudanganywa. Na mwanamke kijana, baada ya yote hayo, aliinua simu anipige picha nikiwa na kitambaa. Nikamwambia hapana. Akaishusha, lakini uso ulisema nimemnyima kitu alichokuwa amelipia.

Siku hiyo hakuna aliyenunua kiondo. Akina mama walikunja mikeka yao bila kuniaga.

Kambi ilihamisha matembezi. Sasa gari linaenda boma jingine, mbele ya mto, ambako kuna nyumba ya nyasi iliyojengwa mwaka huu na haina mtu anayelala ndani. Akina mama wanabeba vyondo vyao hadi kule, ni mbali, na jua la saa sita linawakuta njiani. Wanapita hapa. Mwenyekiti alikaa wiki nyingi bila kunisalimu. Wengine husema kwa sauti ili nisikie, kwamba kuna watu hulinda maiti kuliko walio hai. Ninawasikia. Nimepeleka vyondo vyangu kwa dada mmoja wa Kyuso anayeviuza sokoni. Si sawa na zamani, na sitasema ni sawa.

Nimeulizwa kama ningerudia. Ningerudia, hata kama wangenijengea tangi la maji ili ninyamaze. Sikumkosea mtalii, nilimpa kitu pekee ambacho kambi haikumpa. Akina mama nimewaumiza, hilo nakubali, na nikikutana nao huinamisha kichwa. Lakini sikuwaumiza peke yangu. Kama biashara yao ilikuwa imesimama juu ya kifua cha mama yangu, aliyeisimamisha hapo si mimi.

Wiki iliyopita gari la kambi lilisimama nje ya uzio. Kijana alishuka peke yake. Nilikuwa nikianika mbaazi.

"Mwaitu, habari ya asubuhi."

"Nzuri."

"Kuna wageni watatu wamesikia kuhusu susu. Yule mama wa nywele nyeupe ni rafiki yao, aliwaambia. Wanataka kuingia tu. Hawatapiga picha."

"Umewaambia nini?"

"Bado."

"Nenda uwaambie. Hapo dirishani, nisikie."

Alirudi kwenye gari. Vioo vilikuwa wazi. Alisema, na nilisikia kila neno, kwamba hapa alizikwa mwanamke msusi wa vyondo, mtu wa kanisa, aliyempa yeye uji akiwa mdogo, na kwamba hapa si mahali pa ibada, ni nyumbani kwa watu. Alisema polepole, kwa sauti ya juu. Barabarani akina mama wawili waliokuwa wakipita na mizigo yao walisimama.

Halafu akarudi, akashika mti wa uzio.

"Nimesema sawa?"

"Umesema sawa sana. Asante."

"Basi waingie?"

"Hapana," nikamwambia. "Leo sitaki wageni."

Alinitazama. Nilidhani atabisha. Akaenda akawaambia, na mmoja wao, mwanamume, akainua mkono kunipungia kupitia dirishani. Nikainua wangu. Gari likageuka pale penye mchanga, likarudi njia ya Kambu.