Siku ya Kwanza ya Densi ya Tumbo

Kabla hamjayasikia kwa majirani, wacha niwaeleze mwenyewe. Nilijiandikisha kujifunza densi ya tumbo, ile ya Kiarabu, kwa mwalimu mmoja pale Manundu, Korogwe. Alinielekeza nyumba yenye geti la bluu. Kumbe mageti ya bluu mtaani pale yapo mawili.

Niliingia la kwanza. Sebuleni kulikuwa na giza na moshi wa ubani. Wanawake kama kumi walikaa kimya, na katikati yao mtu kajifunika shuka jeupe gubigubi. Nikawasalimu, hakuna aliyeitika. Nikadhani ndiyo nidhamu ya darasa. Ngoma ilipoanza kudunda taratibu, nikavua dera, nikabaki na suruali ya mazoezi, nikakata kiuno kwa nguvu zangu zote.

Ngoma ikanyamaza. Bibi mmoja akanishika utosi kwa mkono wa baridi.

"Umetoka wapi? Unataka nini?"

"Nimetoka Mkata, bibi. Nataka kucheza."

"Pepo kasema!" wakapiga kelele. "Kamtoka mgonjwa, kampanda huyu!"

Shuka jeupe likafunuka polepole. Alikuwa mama mkwe wangu.

"Huyo si pepo," alisema. "Ni mke wa mwanangu."